Begi Jepesi

Nilipoacha chuo kwa sababu ya karo, sikumwambia mama. Kila asubuhi nilivaa begi, nikapanda matatu hadi tao, nikakaa Moi Avenue karibu na sanamu ya Tom Mboya nikiwaandikia watu makala kwa simu. Wapiga picha wa pale walinizoea. Mmoja aliniuliza kama namlinda.

Ndipo nikaanza kumsoma huyu jirani. Alizaliwa 1930 huko Kilima Mbogo, baba yake akifanya kazi kwenye shamba la mkonge, kwao hasa Rusinga. Karo ilimshinda naye pia. Akasomea kazi ya ukaguzi wa afya, akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Siku moja mama mmoja Mzungu aliingia ofisini, akamkuta peke yake, akauliza kama hakuna mtu humo. Hapo nilifunga simu kidogo.

Alikaa Oxford mwaka mmoja tu, chuo cha Ruskin, na digrii hakuchukua. Lakini mwaka 1959 ndege iliwapeleka Marekani wanafunzi 81 kwa mpango aliousukuma yeye, akiwa na miaka 29. Mimi nina 26 na sijampeleka mtu hata Thika.

Simfanyi malaika, jamani. Akiwa serikalini ndiye aliyetetea ile Sessional Paper nambari 10 ya 1965, iliyosema pesa ziende kwanza kule zitakakozaa haraka. Rafiki yangu wa Marsabit akisikia jina la Mboya hutema mate, na sina la kumjibu.

Jumamosi, 5 Julai 1969, Waziri wa Mipango alitoka duka la dawa hapo hapo barabarani, enzi hizo ikiitwa Government Road. Akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga alihukumiwa kunyongwa. Aliyemtuma, kama yupo, hakuwahi kusimama kizimbani. Watu hupita pale wakikimbilia matatu, nami nilipita miaka mingi vivyo hivyo.

Mama nilimwambia mwezi wa nne. Akasema alijua kitambo, begi lilikuwa jepesi mno kwa mtu anayesoma. Akauliza hizo makala zinalipa ngapi. Nikamtajia. Akacheka hadi akakohoa, halafu akaniambia kesho nikitoka huko kwa Mboya wangu nipitie unga.