Krismasi ya gari la moshi Kitengela

Je, mpenzi msomaji, umewahi kusafiri kwa gari la moshi kutoka Konza hadi Magadi bila kuinuka sakafuni? Mimi nimewahi. Safari yenyewe ilichukua dakika nne hivi. Ilipita chini ya makochi mawili na nyuma ya mtungi wa gesi, na ilipokaribia Magadi dereva wake, aliyekuwa amelala kifudifudi, aliitwa na shangazi yake akaoge.

Hayo yalitokea Krismasi iliyopita nyumbani kwa dada yangu, mjini Kitengela. Kama hujafika huko siku nyingi, huenda ukapotea. Mahali ambapo wazee bado wanapaita Noonkopir, palipokuwa na maduka machache kando ya barabara ya Namanga, sasa ni mji wa maghorofa, matatu na vumbi, kilomita 30 hivi kutoka Nairobi. Wakazi wengi hufanya kazi katika viwanda vya saruji na vya EPZ huko Athi River, na wengine huamkia Nairobi alfajiri. Desemba ikifika, nusu ya mtaa hufunga milango na kwenda mashambani. Watoto wanaobaki huachiwa vichochoro vitupu, nao hawakosi la kufanya.

Watoto wa mtaa wa dada yangu hujenga reli. Kichwa cha gari la moshi ni mkebe wa Kimbo uliolazwa, na bomba la moshi ni kipande cha kalamu. Mabehewa ni mikebe ya samaki na pakiti za maziwa, na magurudumu ni vifuniko vya soda vilivyotobolewa kwa msumari moto. Reli ni waya wa ua ulionyooshwa na kupigiliwa juu ya vipande vya mbao vilivyookotwa kwa seremala. Kila mtoto hutengeneza kipande chake kwao, kisha siku ya Krismasi vyote huletwa pamoja na kuunganishwa.

Sasa utauliza, vipande vilivyotengenezwa katika nyumba saba mbalimbali vitaunganika vipi? Nami niliuliza hivyo hivyo. Msichana wa miaka 12, ambaye wenzake humwita injinia mkuu, alinitazama kwa huruma kisha akatoa kiberiti mfukoni. Reli yao ni upana wa kiberiti, wala si zaidi. Hakuna nyumba isiyokuwa na kiberiti, kwa hivyo hakuna wa kusingizia kuwa hakuwa na kipimo.

Basi ndipo alipowasili mtoto wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 10, akitoka Marekani alikozaliwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga ardhi ya Kenya. Kiswahili alikuwa nacho cha salamu tu, na binamu zake walimzunguka kana kwamba ni televisheni. Lakini alikuwa na sanduku. Ndani yake mlikuwa na gari la moshi la umeme, injini yenye taa, mabehewa matano na reli za kuunganisha. Alikuwa amelibeba mapajani ndege mbili mfululizo asije akalivunja, ili awaonyeshe binamu zake.

Msomaji, mkono uliolichomeka gari hilo ukutani ulikuwa wangu. Nilikuwa nimenunua kile kidude cha kubadilisha miguu ya plagi, nikadhani kazi imekwisha. Umeme wa nyumbani kule ni volti 120. Wetu ni 240. Kidude kile hubadilisha miguu, hakibadilishi umeme. Palisikika mlio mdogo, kisha kasha la kupunguzia umeme likatoa moshi, na huo ndio moshi wa pekee uliowahi kutoka katika gari hilo la moshi.

Kijana hakulia. Afadhali angelia! Alizifungua reli moja moja, akazipanga sandukuni kama zilivyokuwa, akasema "It's okay, Uncle," kisha akaingia chumbani na kufunga mlango. Ilikuwa tarehe 22 Desemba. Siku hiyo chakula cha jioni sikukisikia ladha.

Hapa yafaa nikueleze kwa nini sanduku kama lile ni jambo kubwa kwa wenzetu. Mwaka 1891, kiwanda cha Märklin cha Ujerumani kilionyesha katika maonyesho ya Leipzig magari ya moshi ya kuchezea yenye reli za upana maalumu. Siri ilikuwa hapo kwenye upana. Mzazi aliweza kununua duara dogo Krismasi hii na kuongeza kipande Krismasi ijayo, navyo vikaunganika. Lionel ya New York ilianza mwaka 1900, na Hornby wa Liverpool akatoa gari lake la kwanza la moshi mwaka 1920. Katika nchi ambako Desemba ni theluji na watu hujifungia ndani, gari la moshi likawa la kuzunguka mti wa Krismasi, na watoto wakiishakua hawaliachi. Mjini Hamburg ndugu wawili mapacha walifungua mwaka 2001 maonyesho ya reli ndogo ambayo watu husafiri kutoka nchi za mbali kwenda kuyatazama. Watu wazima, msomaji, wenye ndevu!

Kesho yake nilimgongea kijana mlango. Nikamwambia kwamba wenzake wanajenga reli ya Magadi na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona, kwa hivyo tunakwenda Kajiado. Tulikuwa watano: mimi, yeye, watoto wawili wa dada, na injinia mkuu aliyeombewa ruhusa kwa mama yake.

Kutoka Kitengela hadi Kajiado ni kilomita 50 hivi kwa barabara hiyo hiyo ya Namanga. Keti upande wa dirisha. Mara tu nyumba zinapopungua utaona uwanda ukifunguka, migunga imesimama mbali mbali, ng'ombe na mbuzi wakivuka barabara kwa taratibu zao. Nyumbu walikuwa wakihama kwa wingi kati ya uwanda huu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kabla ua na viwanja havijawazibia njia. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wafugaji wa Kitengela ili waache ardhi yao wazi, lakini ukitazama mabango ya viwanja vinavyouzwa kando ya barabara utajua nani anashinda mbio hizo. Tulipita Isinya, penye maua ya kupelekwa ng'ambo, na kabla ya jua kukaza tukawa Kajiado. Jina la mji lilitokana na maneno ya Kimaasai Ol-keju-ado, yaani mto mrefu. Mto wenyewe usiutafute Desemba ukitarajia kuogelea.

Tuliloliendea lilikuwa reli. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, na ili kuyatoa magadi ziwani ikabidi njia ijengwe kutoka Konza, kwenye reli kuu ya Mombasa, kupitia Kajiado, katikati ya malisho ya Wamaasai hadi chini Bonde la Ufa. Ilikamilika mwaka 1915, kilomita 146 hivi. Hata leo kuna mahali njiani panaitwa Mile 46, jina lililotokana na hesabu ya maili za reli hiyo. Tangu mwaka 2005 kampuni hiyo imekuwa mikononi mwa Tata ya India. Usiende ukidhani utanunua tiketi. Hii ni reli ya mizigo.

Penye kivuko cha watu na mbuzi tulimkuta mzee ameketi kivulini na fimbo yake. Watoto wa dada, ambao wamekulia huku, walimwendea wakainamisha vichwa, naye akawagusa utosini mmoja mmoja. Mgeni wetu akawatazama, kisha naye akainamisha kichwa chake. Mzee alikuwa amefanya kazi ya reli miaka mingi kabla ya kustaafu. Nilipomweleza shida yetu alisimama, akatazama huku na huku, akatuambia tupime upesi na tutoke. (Na wewe ukienda na watoto, usiwaache wakacheze relini peke yao. Gari la moshi halina breki za matatu.)

Injinia mkuu alitoa futi ya fundi cherehani. Kati ya chuma na chuma: mita moja kamili. Kiberiti kina urefu wa sentimita tano hivi, kwa hivyo reli yao ya sebuleni ni sehemu moja ya 20 ya hii. Papo hapo akapiga hesabu mchangani. Kama wangeijenga njia yote ya Magadi kwa kipimo hicho, wangehitaji zaidi ya kilomita saba za reli. Alinyamaza kidogo, akasema watafupisha.

Ndipo kijana wetu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema maneno kumi, akamuuliza mzee kwa Kiingereza: upande upi ndio mzito?

Mzee alicheka sana. Akamjibu kwa Kiingereza chake cha reli kwamba hilo ni swali la dereva. Konza iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Magadi liko 600 hivi. Mabehewa hushuka matupu na kupanda yamejaa. Mlima wote wa zaidi ya mita 1,000 ni wa kupandia na mzigo! Watoto walitazamana. Reli yao waliipanga kinyume: kwao mzigo ulikuwa ukiteremka, kwa kuwa ni rahisi.

Jioni hiyo nililipeleka kasha lililoungua kwa fundi wa redio kule Kitengela. Alilifungua, akalinusa, akalitupa kando. Kisha akaniuliza injini yenyewe inataka volti ngapi. Kumi na mbili. Akachukua betri nane za tochi, za volti moja na nusu kila moja, akazipanga mkondo mmoja katika bomba la plastiki na kutoa nyaya mbili. Taa ya injini ikawaka. Sikumbuki lini nilimpa mtu pesa kwa furaha kama ile.

Lakini tatizo halikwisha. Reli za Marekani zile zilikuwa na upana wa milimita 16 na nusu. Hazingeweza kuunganika na za kiberiti hata kwa maombi. Nilimwona kijana akizirudisha sandukuni tena. Injinia mkuu ndiye aliyemzuia. Akasema mbona hata Kenya ina reli mbili zisizokutana, ya zamani ya mita moja na ile mpya ya SGR iliyozinduliwa mwaka 2017 yenye milimita 1,435, na mzigo unaotoka hii kwenda ile huhamishwa? Wao pia watahamisha. Konza ya sebuleni ikawa kituo cha kuhamishia mizigo, na binamu mmoja akakesha akitengeneza winchi ya waya.

Siku ya Krismasi, pilau ilipokwisha, walikuja wote na vipande vyao. Ziwa lilikuwa sinia. Mzigo ulikuwa magadi yenyewe, yale ya sokoni ya kulainishia maharagwe, kijiko kimoja kwa kila behewa. Mbao ziliinuliwa kwa stuli hadi zikafikia kimo cha kochi, na nyumbu wa udongo walisimama kando, wengine wawili wakiwa nje ya ua. Mkebe wa Kimbo ulivutwa kwa uzi ukipanda, ukateleza mara tatu, kelele zikajaa nyumba. Ulipofika Konza winchi ikahamisha magadi kijiko kwa kijiko, kisha injini ya Marekani ikawasha taa yake na kuyapeleka Mombasa, yaani jikoni. Kwa kuwa hiyo ya umeme ilipendwa na wote, yeye aliwaachia zamu, akashika mkebe wa Kimbo. Kufikia saa kumi na mbili jioni betri zilikuwa zimekufa na injini ilikuwa ikisukumwa kwa kidole. Hapo ndipo shangazi yake alipomwita akaoge, yeye akiwa amelala kifudifudi karibu na Magadi akirudi na mabehewa matupu.

Kabla hajaondoka nilimpeleka Makumbusho ya Reli, Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Nakushauri uwapeleke wako. Limo behewa ambamo simba alimnyakua afisa wa polisi Charles Ryall, pale Kima, Juni 1900. Kima si mbali na Konza. Imo pia injini kubwa ya mvuke iitwayo Mount Gelai, moja kati ya 34 zilizoundwa Manchester katikati ya miaka ya hamsini, yenye uzito wa tani 250 na ushei. Gelai ni mlima ulio kando ya Ziwa Natron, Tanzania, jirani wa Magadi upande wa kusini. Kijana aliizunguka mara mbili, kisha akaniomba futi.

Sanduku lake lilirudi Marekani jepesi. Reli na injini aliziacha kwa injinia mkuu, na ndani ya mkoba wake dada yangu aliona kiberiti kitupu. Njiti zote alikuwa amezimwaga jikoni. Injinia mkuu naye amenitumia ujumbe: Desemba nisije mikono mitupu, betri nane, na ziwe mpya.