Siku Hizi Waya Haufuatwi

Gari likianza kumisi siku hizi, boneti ndiyo ya mwisho kufunguliwa. Kijana wa gereji anainama chini ya usukani, anachomeka kidude kisichozidi kiberiti kwenye soketi yenye pini 16, anatazama simu yake, kisha anatamka: "P0201." Basi. Mwenye gari anatumwa dukani kutafuta nozeli ya pistoni ya kwanza, ya mtumba kama ipo, na ikifika inafungwa. Kuna magari yanayopona hapo hapo. Mengine yanapona siku mbili tatu tu, kwa sababu kijana alipokuwa akibadilisha nozeli aliivuta soketi na kuirudisha, pini iliyolegea ikapata kushika, halafu mashimo ya barabarani yakaja kuilegeza tena.

Ile P0201 haisemi kwamba nozeli imekufa. Inasema njia ya umeme ya nozeli ya kwanza ina kasoro, na njia yenyewe ni ndefu. Moto unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, swichi na rilei, unaingia kwenye nozeli kwa waya mmoja, unatoka kwa waya wa pili na kwenda hadi kontroli boksi. Huko ndiko erthi inakofungwa na kufunguliwa. Nozeli yenyewe haina akili: ni koili inayovuta sindano ikipata umeme na kuiachia ikikosa. Kosa linaweza kuwa mahali popote katika njia hiyo. Kuna fundi siku hizi ambaye akiambiwa nyumba haina maji anang'oa bomba la jikoni.

Mimi niliingia gereji Ngamiani, Tanga, wakati Corolla za mtumba kutoka Japani ndiyo kwanza zinaanza kumwagika bandarini. Mafundi wa pale walikulia kwenye Datsun 120Y, Peugeot 504 na Corolla DX, magari ya kabureta ambayo ukiyasikiliza vizuri na kuwa na bisibisi moja ya kurekebisha silensa, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama, umemaliza. Yakaja haya yenye herufi EFI kwenye buti, yanayopuliza mafuta kwa umeme badala ya kabureta. Wengi waliyakataa waziwazi. Mwenye gari aliambiwa aende Dar es Salaam, au akaambiwa jambo la ajabu zaidi: tuing'oe mitambo yote hiyo tukufungie kabureta.

Hofu hiyo haikuwa ya Tanga peke yake. Kampuni ya Bendix ya Marekani ilitangaza mfumo wake wa kupuliza mafuta kwa umeme mwaka 1957, na Chrysler wakaufunga kwenye magari machache ya mwaka 1958. Ulisumbua kiasi kwamba mengi ya magari hayo yalirudishwa na kufungwa kabureta, kama walivyotaka kufanya mafundi wa Ngamiani miaka mingi baadaye. Hati za ubunifu huo zikaangukia mikononi mwa Bosch wa Ujerumani, nao wakautoa upya mwaka 1967 kwenye Volkswagen 1600. Toka hapo haukurudi nyuma.

Gereji yetu haikukataa gari, kwa sababu ya mzee mmoja. Alikuwa fundi umeme, kazi yake ya miaka yote ikiwa dinamo, stata na alteneta. Hakuwa amesomea EFI mahali popote, na kitabu cha Kijapani kilichokuja na gari moja alikitumia kuwekea kikombe. Lakini alikuwa na imani moja ambayo hakuna mtu aliyeweza kumwondolea: umeme hauna ujanja, unatoka hapa unakwenda pale, na ukikosekana pale basi umekatika njiani. Vifaa vyake vilikuwa bisibisi ndefu na balbu iliyounganishwa nyaya mbili.

Nakumbuka teksi moja, Corolla 100 nyeupe iliyokuwa ikienda Muheza na kurudi. Asubuhi ilikuwa nzima kabisa. Ikishapata moto, hasa kwenye mlima, ilikuwa inakata pistoni moja na kutetemeka mpaka kioo cha pembeni hakionyeshi kitu. Dereva alikwishanunua plagi, nyaya za plagi na kifuniko cha distribyuta kwa ushauri wa gereji nyingine. Alifika kwetu amekasirika na mfuko mtupu.

Mzee aliagiza gari liwashwe liachwe silensa. Aligusisha ncha ya bisibisi kwenye nozeli ya kwanza, akaegesha sikio kwenye mpini. Tik-tik-tik-tik. Ya pili, ya tatu, ya nne, zote zinatika. Hakusema neno. Alirudi kwenye benchi akamalizia muhogo wake. Injini ilipopata moto na kuanza kuchechemea, akarudia kusikiliza, na safari hii ya tatu ilikuwa kimya.

Fundi mwingine angeivua nozeli pale pale. Yeye alichomoa soketi yake, akaweka mguu mmoja wa balbu kwenye bodi na mwingine kwenye pini ya moto. Ikawaka. Akauhamisha ule mguu wa bodi kwenye pini ya pili, injini ikiwa bado inanguruma na pistoni tatu. Hapo balbu ingetakiwa kumetameta, maana kontroli boksi inagawa erthi kwa vipande vifupi sana. Injini ikiwa silensa, nozeli hufunguliwa kwa sehemu mbili tatu za elfu ya sekunde. Balbu ilikaa giza. Kwa hiyo moto upo, nozeli haina hatia, erthi ndiyo haifiki.

Hapo ndipo wengi walikuwa wakitamka kifo cha kontroli boksi, na mteja anaondoka kwenda kutafuta fedha za kununua nyingine. Mzee alinikabidhi balbu. "Bwana mdogo, wewe tazama tu, ukiona chochote sema." Akaanza kuutikisa mkanda wa nyaya, shibiri kwa shibiri, kutoka kwenye soketi kuelekea ndani ya gari. Mimi nilikuwa natazama balbu mpaka machozi yanatoka kwa mvuke wa injini. Nyuma ya injini, pale mkanda unapopinda kupita kwenye kishikizo cha chuma, nikaona imemeta. "Imewaka!" Akaachia. "Imezima." Akashika tena.

Alibandua tepu nyeusi. Kwa macho, waya ulikuwa mzuri, ganda halina hata mkwaruzo. Akaushika kwa vidole viwili vya kila mkono akauvuta taratibu, nao ukarefuka. Waya wenye shaba ndani haurefuki. Lile ganda lilikuwa limebaki peke yake. Shaba ilikatika ndani kwa kupindwa na kutetemeshwa miaka nenda rudi, ncha zake zikawa zinagusana injini ikiwa baridi, na ganda likipata joto na kulainika zinaachana. Alikata kipande kile, akaunga kwa waya mpya, akachomelea kwa risasi, na kuufunga mkanda ukiwa na ulegevu kidogo ili usivutwe tena. Ilikwishafika alasiri.

Baadaye nilinunua mita ya kidijitali, nikampelekea kwa furaha. Aliigeuza geuza, akaijaribu kwenye waya mmoja uliobakiwa na uzi mmoja tu wa shaba, nao umeliwa na kutu, ikaandika volti 12 kamili. Akaweka balbu kwenye waya ule ule, haikuwaka. Akanirudishia mita yangu: "Hii inanusa tu, haili." Nilikuja kuelewa alichokisema nilipojifunza vitabuni: mita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo hata uzi mmoja ulioliwa na kutu unatosha kuipelekea volti zote, lakini ukitaka waya ule ule ubebe mzigo, volti zinaishia njiani. Ndiyo maana anayejua kutumia mita huipima njia ikiwa inafanya kazi, anaangalia volti ngapi zinapotea kati ya ncha moja ya waya na nyingine, na zikizidi nusu volti anaanza kufungua tepu.

Nisiwapambe sana watu wa zamani. Balbu ile ile iliyookoa nyaya imeua kontroli boksi nyingi mjini. Nozeli ya Toyota za kawaida ina ukinzani wa omu 13 au 14, kwa hiyo inavuta chini ya ampea moja, na transista iliyomo ndani ya kontroli boksi imetengenezwa kwa kiasi hicho. Balbu ya breki ya wati 21 inavuta karibu ampea mbili. Mzee wetu alitumia balbu ndogo ya dashibodi, na sijui kama aliipigia hesabu au ndiyo iliyokuwa karibu. Wengine walichukua balbu yoyote, wakaunguza boksi, kisha wakamwambia mteja kwamba boksi liliungua zamani.

Na kuna zile sindano. Taa za kupimia zilikuwa na ncha kali ya kutoboa ganda la waya ili kufikia shaba bila kuhangaika na soketi. Ilikuwa njia ya haraka, na kila gereji ilitoboa. Tanga ni mji wa bahari. Tundu dogo kama la pini linatosha kuingiza unyevu wa chumvi, na kutu ya kijani huanzia hapo ikatambaa ndani ya ganda, huku na huku, bila kuonekana. Nikifungua leo wairingi ya gari lililozunguka mjini miaka mingi, nakuta shaba imekuwa unga, na katikati ya unga kuna alama ya tundu. Kidude cha kijana kinasoma P0203, kinatangaza kosa lililotengenezwa na fundi aliyekuwa akitafuta kosa lingine.

Mpwa wangu ana gereji sasa, naye ndiye kijana wa kidude. Ana simu ambayo ndani yake mna michoro ya nyaya za karibu kila Toyota, rangi ya kila waya na namba ya kila pini, vitu ambavyo mzee angevipata angelala navyo. Ana mita nzuri. Ana hata zile taa ndogo za kuchomeka kwenye soketi ya nozeli, zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, zinamemeta bila kuunguza chochote. Ziko kwenye droo, bado zimo kwenye nailoni yake.

Juzi ililetwa Toyota IST inayomisi. Kidude kikasoma, dereva akatumwa dukani. Nilimwambia mpwa wangu apime kwanza kama erthi inafika. "Mjomba, mteja anataka gari lake saa kumi," akanijibu, huku ameshashika spana. Nilinyamaza, kwa kuwa hakusema uongo. Mteja akimkuta fundi ameinama juu ya injini anatikisa waya kwa saa nne, na mwisho hakuna spea iliyonunuliwa, atauliza ni nini hasa anacholipia. Nozeli ya zamani akikabidhiwa mkononi, ikiwa na mafuta mafuta yake, hana swali.

Hata mzee alilijua hilo. Ile teksi ya Muheza ilipokwisha, alikiviringisha kile kipande cha waya kwenye gazeti akampa dereva, na kwenye karatasi ya malipo hakuandika kutafuta wala kusikiliza. Aliandika: waya, mita moja. Dereva alilalamika kwamba mita moja ya waya haiwezi kuwa bei ile, wakavutana mpaka magharibi, na akaondoka amelipa nusu.