Usiongeze Kabla Hujatafuta Tundu



Leo tuzungumze juu ya ile taa ya manjano kwenye dashibodi, ile yenye umbo la injini. Hii ni wiki ya pili inawaka na umeshaizoea. Gari bado linatembea. Asubuhi linatetemeka kidogo, ukikanyaga mafuta linasita kwanza, na ukipanda kutoka Mai Mahiu kwenda Kimende hata lori linakupita. Fundi akichomeka mashine inaandika P0171. Maana yake, injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta.

Petroli huchomeka kwa kipimo: kilo 1 ya petroli kwa hewa ya karibu kilo 14.7. Mafuta yakizidi utajua haraka, kwa sababu moshi mweusi utatoka nyuma na harufu itakuaibisha mbele ya majirani. Yakipungua, huoni moshi wowote. Kwa nje gari ni safi kabisa. Kumbe ndani plagi zimekuwa nyeupe kama chaki, injini inagonga ikibeba mzigo, na joto hilo likiendelea vali zinaungua.

Mpendwa, tunao watumishi wa namna hiyo makanisani. Hawana moshi. Wanakuja mapema, wanapanga viti, wanaongoza sifa, na hakuna anayewauliza swali.

Sasa sikia jambo ambalo wengi hawajui. Kwenye ekzosi kuna sensa ya oksijeni. Ikiona hewa imezidi, inaiambia kompyuta ya gari, nayo inaongeza mafuta kimyakimya. Asilimia 5, 10, 15, na wewe kwenye kiti huna habari. Taa inawaka pale kompyuta imeongeza mpaka imefika mwisho wa uwezo wake, na kwenye magari mengi hapo ni karibu asilimia 25. Kwa hiyo ukiiona taa, jua shida haikuanza leo.

Ndiyo maana sikubaliani na wahubiri wenye jibu moja kwa kila aliyechoka: ongeza kufunga, ongeza kesha, panda mbegu. Naamini kufunga, na kesha za kwetu mnazijua. Lakini huyu mtu amekuwa akijiongezea kwa miezi, na kuongeza kumefika mwisho.

Fundi mzuri hakimbilii kuuza pampu. Anasoma ile nyongeza injini ikiwa imetulia, bila kukanyagwa, kisha anaikanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na kusoma tena. Kama nyongeza ilikuwa kubwa na sasa imeshuka, kuna tundu. Mpira umepasuka au gasketi ya manifoldi imekauka, na hewa inaingia bila kupimwa. Tundu huonekana zaidi injini ikitulia, kwa sababu wakati huo inavuta hewa kidogo, na hata ufa mwembamba unaharibu hesabu yote. Lakini kama nyongeza inapanda kadiri mzigo unavyoongezeka, basi huenda mafuta hayafiki: filta imeziba, pampu imechoka, nozeli zina uchafu. Au sensa ya kupima hewa imeshika vumbi na inaidanganya kompyuta. Mpira ni pesa kidogo, pampu ni pesa ya karo. Ukinunua pampu na shida ni mpira, taa itarudi. Na yule anayeifuta taa kwa mashine bila kugusa kitu kingine, usimlipe.

Wewe unatetemeka wakati gani?

Kama ni wakati umetulia, ibada imeisha, maiki imezimwa, uko peke yako kitandani, tafuta tundu. Israeli walipopigwa kule Ai, Yoshua na wazee walilala kifudifudi mbele ya sanduku hadi jioni. Mungu mwenyewe ndiye aliyeyakatiza maombi yale na kumwambia asimame, kwa sababu kulikuwa na kitu kimefichwa hemani.

Dada mmoja kwenye timu ya maombi ameniruhusu niseme hili bila jina. Alikuwa akifunga siku 3 kila wiki, na kanisani alikuwa moto kweli. Usiku usingizi haukuja. Tulipokaa naye, mimi na mke wangu, ikatoka kwamba ana mikopo ya simu, anakopa huku akilipa kule, na mzee wa nyumba hajui. Tulienda kwao. Madeni yote yaliandikwa kwenye karatasi moja, mumewe akiwa hapo, na haikuwa jioni nyepesi. Bado wanalipa. Lakini siku hizi analala.

Na kama unatetemeka ukiwa na mzigo tu, usikubali mtu akutafutie dhambi. Unaunguza mama mgonjwa, unafanya kazi shifti ya usiku, Jumapili unafundisha watoto. Wewe si Akani. Eliya baada ya Karmeli aliomba afe, na Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale, akamtumia malaika na mkate na maji, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Safari ya Horebu ilikuja baadaye. Omba likizo. Mwachie mwingine darasa hilo mwezi mzima, na mchungaji wako akikasirika mtume kwangu.

Gari lipeleke kwa fundi kabla hujapanda tena ule mlima. Kuhusu hayo mengine, Alhamisi hii hakuna ibada ya jioni. Mimi na mama mchungaji tutakuwa ofisini kuanzia saa kumi, na tutaongea na mtu mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa. Usilete sadaka, na usije ukiwa umefunga. Kutakuwa na chai na mandazi.