Tikiti ya Msimu na Haki ya Nyumba

Mchezo wa mpira wa miguu umekwisha kuingia katika majumba yetu, tupende tusipende. Hapa Itigi, mji wetu mdogo ulio kando ya reli ya kati, mtoto hajamaliza juzuu ya kwanza naye amekwisha kuyajua majina ya wachezaji wote wa Simba na Yanga. Mimi ni mwalimu wa chuo cha Qurani, walakini simo katika wale wasemao kwamba kila mchezo ni upotevu. Mtume wetu (S.A.W.) aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao katika msikiti wa Madina, na Bibi Aisha (R.A.) akawatazama kutoka nyuma ya bega lake, tena yeye Mtume mwenyewe alishindana mbio na mkewe huyo. Basi furaha si haramu. Neno nitakalo kulieleza ni bei ya furaha hiyo: nani huilipa, kwa mali ya nani, na baada ya kulipa hupata nini.

Katika nchi za Ulaya iko desturi ya tikiti ya msimu. Mpenzi wa timu hulipa mara moja kabla ya msimu kuanza, naye hupewa haki ya kukaa katika kiti kimoja kwa kila mchezo ambao timu yake yacheza nyumbani. Uingereza ligi kuu ina timu 20, kwa hiyo mwenye tikiti hiyo huona michezo 19 ya nyumbani. Ligi kuu yetu ina timu 16, na kila timu hucheza michezo 30. Basi ya nyumbani ni 15. Hapa kwetu desturi iliyoenea ni kununua tikiti ya kila mchezo peke yake, na pembeni yake kulipia kadi ya uanachama wa klabu kila mwaka. Yanga iliasisiwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na zote mbili zimelelewa na wanachama wao. Kwa hiyo fikira ya kutanguliza fedha kwa ajili ya timu si ngeni kwetu.

Na tuifanye hesabu, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano tu. Ikiwa tikiti ya mlangoni ni shilingi 5,000, michezo 15 ni shilingi 75,000. Klabu ikimwambia mpenzi wake, lipa shilingi 60,000 uingie msimu mzima, ataona amesamehewa shilingi 15,000, naye atafurahi. Lakini tazama vizuri. Shilingi 60,000 ni sawa na kuingia mara 12 kwa bei ya mlangoni. Akihudhuria mara 12 amerudisha fedha yake tu. Faida yaanza mara ya 13. Akihudhuria mara tano, kila mchezo umemgharimu shilingi 12,000, na lau angelipia mlangoni angetoa shilingi 25,000 tu kwa yote matano. Basi tikiti ya msimu ni rahisi kwa mtu akaaye karibu na uwanja na mwenye nafasi, nayo ni ghali kwa mtu wa mbali na mwenye shughuli.

Nasi watu wa Itigi tu watu wa mbali. Uwanja ulio karibu nasi wa kuchezewa ligi kuu uko mjini Singida, nasi hupita Manyoni kwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita mia. Tukisema nauli ya kwenda na kurudi pamoja na chakula ni shilingi 20,000, basi safari 12 ni shilingi 240,000, mara nne ya ile tikiti yenyewe. Wala sijatia siku za kazi zilizopotea, wala malazi ya mtu aliyekosa gari usiku. Na anayetaka kwenda Dar es Salaam katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 wenye viti 60,000, huyo ana njia ya karibu kilomita 600. Bei iliyoandikwa juu ya tikiti ndiyo ndogo kuliko zote.

Pengine msomaji atasema, mimi sijapata kununua tikiti ya msimu, basi maneno haya hayanihusu. Ngoja kidogo. Vijana wetu wengi huona mpira katika vile vibanda vya kuonyeshea televisheni vinavyoitwa vibanda umiza. Tuseme kiingilio ni shilingi 500, na kijana huingia mara tatu kwa juma. Hiyo ni shilingi 1,500 kwa juma, shilingi 6,000 kwa mwezi, na kwa miezi kumi ya msimu ni shilingi 60,000. Kumbe kijana huyo amekwisha kununua tikiti ya msimu, ila hakupewa karatasi, wala hakuulizwa, wala mkewe hakuambiwa! Pesa itokayo moja moja haina kelele. Ndiyo sababu nyumba nyingi hushangaa mwisho wa mwaka kuona mavuno yaliuzwa na deni la duka bado lipo.

Siku zilizopita alinijia kijana mmoja niliyemsomesha zamani, ambaye sasa huendesha bodaboda. Akanisalimu, akaketi, akasema, "Maalim, wenzangu wanachanga fedha. Tunataka kukodi gari msimu mzima tuwe tunakwenda Singida kila mchezo wa nyumbani. Nina akiba yangu. Nataka kujua, ni halali au ni haramu?" Nikamwuliza akiba hiyo aliiwekea nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ni kwa ajili ya mdogo wake wa kike aliyechaguliwa kuingia kidato cha tano shule ya bweni mkoa wa mbali, naye ahitaji godoro, sare na nauli. Baba yao amekwisha kufariki, na mama yao huuza maandazi.

Sikumjibu halali wala haramu. Nilichukua karatasi tukaandika kama nilivyoandika hapo juu, na upande wa pili tukaandika mahitaji ya binti. Alipoona jumla zote mbili alicheka kwa haya. Lakini kabla hajaondoka alisema neno ambalo sijalisahau. Alisema, "Maalim, kutwa nzima mimi naitwa boda. Boda njoo, boda twende. Kule uwanjani wenzangu waniita kwa jina langu, na timu ikifunga goli mtu nisiyemjua hunikumbatia kama ndugu yake." Nilimwambia, "Mwanangu, hilo nalo lina thamani, wala sikudharau kwa kulitaka." Tukapatana kwamba fedha ya binti itoke kwanza, na katika kitakachobaki aende michezo mitatu, alipie mlangoni, na mama yake ajue siku atakayosafiri. Binti yuko shuleni sasa, na kijana alikwenda mara mbili.

Neno lake lilinikumbusha mwaka 1993, Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF na kucheza na Stella ya Abidjan. Nilikuwa kijana, nasi tulijikusanya watu wengi kuizunguka redio moja. Simba ilifungwa mabao 2 kwa 0 mjini Dar es Salaam, nasi tukatawanyika kimya kama watu watokao mazikoni. Hatukulipa hata senti moja, ila mchango wa betri. Udugu tuliupata wote. Basi tusidhani kwamba lazima kila furaha inunuliwe kwa bei ya juu ndipo iwe furaha.

Sasa tuje katika upande wa sheria ya biashara. Mtume (S.A.W.) alikataza biashara ya gharar, yaani ile ambayo mnunuzi hajui kwa hakika atapata nini. Na alipowakuta watu wa Madina hutanguliza fedha kwa matunda ya baadaye, hakuwakataza, bali aliwaamrisha wafanye hivyo kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Kutoka hapo twaweza kujifunza adabu ya kila malipo ya mbele: mwenye kuuza aseme wazi auza nini, lini, wapi, na likiharibika atafanya nini.

Je, katika mpira wetu mambo haya hujulikana? Tarehe 8 Mei 2021 Simba na Yanga zilikuwa zicheze saa 11 jioni. Saa ikasogezwa mpaka saa 1 usiku, Yanga wakakataa mabadiliko hayo, na mchezo ukaahirishwa hali watu wamekwisha kuingia uwanjani. Ukachezwa Julai 3 mwaka huo. Tarehe 8 Machi 2025, nazo ni siku za mwanzo za Ramadhani, mchezo wa timu hizo hizo uliahirishwa siku ile ile, baada ya Simba kusema wamezuiwa kufanya mazoezi katika uwanja, na watu wa mikoani walikuwa wamekwisha kufika. Ulichezwa Juni 25. Na mwezi Mei mwaka huo huo Simba ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na RS Berkane ya Moroko, mchezo wa nyumbani ulihamishiwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Lau mtu angekuwa amelipia kiti chake cha Dar es Salaam, angehitaji bahari ikauke ndipo akikalie.

Hata jina la timu huweza kumkimbia mtu. Hapa mkoani petu Singida United iliingia ligi kuu msimu wa 2017/18, ikashuka mwaka 2020. Ikaja Singida Big Stars mwaka 2022. Mwaka uliofuata ikaitwa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 ikahamia Babati, mkoani Manyara. Mwaka huo huo Ihefu, iliyokuwa timu ya Mbarali, mkoani Mbeya, ikawa ndiyo Singida Black Stars. Sisemi kwamba wenye timu wametenda ubaya. Mali ni yao na gharama za timu ni kubwa. Nasema kwamba yeye aombaye watu watangulize fedha sharti kwanza awape hakika ya kwamba timu itakuwapo, na pale pale. Mapenzi ya mtu kwa timu ni amana, nayo yasigeuzwe kuwa mtego wa kumchuma.

Wenzetu wa Ulaya nao wamekwisha kuteta juu ya jambo hili. Mwezi Februari 2016 klabu ya Liverpool ilitangaza kwamba tikiti za bei ya juu zitakuwa pauni 77. Katika mchezo mmoja maelfu ya wapenzi wake waliondoka uwanjani dakika ya 77, na baada ya siku chache wenye klabu wakaufuta mpango ule. Ujerumani tangu mwaka 1998 iko kanuni kwamba wanachama wawe na wingi wa kura katika klabu yao, isipokuwa klabu chache zilizosamehewa, na huko nafasi za kusimama bado huuzwa kwa bei ambayo mtu wa kazi ndogo aiweza. Watu wale hawakuipenda timu kidogo kuliko sisi. Walikataa tu kwamba mapenzi yawe sababu ya kunyamaza.

Basi nawausia wenye majumba na vijana mambo haya. Kwanza, nafaka, dawa, masomo ya watoto na deni hutangulia mchezo. Katika Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, Mwenyezi Mungu amewasifu waja wake ambao wakitoa hawafanyi israfu wala hawafanyi ubahili, bali hukaa katikati. Pili, baba na asilipe malipo ya mbele bila ya kushauriana na mama wa nyumba; siri ya tikiti huzaa ugomvi mkubwa kuliko bei yake. Tatu, kabla ya kulipia msimu, hesabu mara ngapi kwa hakika utahudhuria, si mara ngapi watamani. Nne, mchezo wa saa 10 alasiri una Alasiri ndani yake, na wa saa 1 usiku una Magharibi na Isha. Asiyejua ataswali wapi bado hajawa tayari kwa safari. Tano, tusichanganye tikiti na kubeti. Mwenye tikiti amenunua kitu akitazame; mwenye kubeti ameitia fedha yake katika kamari, na kamari imeharimishwa hata akishinda.

Kesho mbele ya Mola wetu kila mtu ataulizwa juu ya mali yake, wapi aliichuma na wapi aliitumia. Atakayeweza kujibu kwamba wanawe walishiba, deni lake alilipa, sala hakuiacha, kisha akafurahi pamoja na nduguze kwa kiasi chake, huyo simwoni ana la kuogopa. Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali na akili ya kuitumia, na awalinde vijana wetu. Amin.