Ninja Asiyejificha

Kazi ya ninja ni kutoonekana. Akionekana ameshindwa, na aghalabu kushindwa kwake ndiko kufa kwake. Basi ni ajabu kwamba katika mwaka 1992 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilileta madukani ninja mwovu wa plastiki, aitwaye Slice, aliyevikwa nyekundu inayokaribia rangi ya chungwa, rangi ambayo mtu aweza kuiona toka ng'ambo ya pili ya barabara. Mwenzake, Dice, alivikwa zambarau. Wote wawili ni watu wa Cobra, jeshi la waovu katika jamii ya vichezeo viitwavyo G.I. Joe, na kama wangethubutu kuingia katika ngome ya adui usiku, hata mlinzi aliyesinzia angewaona.

Mwalimu wa fasihi akiulizwa kwa nini apoteza wakati wake kwa kitu kisichozidi urefu wa kidole, sharti awe na jibu. Jibu langu ni kwamba sijaona mahali pengine ambapo swali tuwaulizalo wanafunzi kila mwaka, yaani ni kitu gani kimfanyacho mhusika kuwa mtu, limeulizwa waziwazi namna hii, hata likafikishwa mahakamani.

Maana lilifikishwa kweli. G.I. Joe wa kwanza alitoka mwaka 1964, mwenye urefu wa inchi 12 na nguo za kuvuliwa na kuvalishwa, mfano wa Barbie aliyekuwa akiuzwa tangu 1959. Hasbro waliogopa kwamba hakuna baba ambaye angekubali kumnunulia mwanawe wa kiume mwanasesere. Kwa hiyo wakabuni jina jipya, sanamu ya vitendo, na lile la zamani likapigwa marufuku katika vinywa vya wauzaji wao. Hila ikafaulu kwa wanunuzi; kwa watu wa forodha haikufaulu. Mwaka 1989 mahakama ya rufani ya Marekani ikaamua kwamba G.I. Joe, apende asipende, ni mwanasesere. Mwaka 2003 kampuni nyingine, Toy Biz, ikapata ushindi kwa njia iliyo kinyume: ilidai kwamba mashujaa wake wa X-Men hawawakilishi binadamu. Kwa kuwa si binadamu hawakuwa wanasesere, na kwa kuwa hawakuwa wanasesere ushuru wao ukawa asilimia 6.8 badala ya 12. Wasomaji wa hadithi za mashujaa hao watakumbuka kwamba lalamiko lao kubwa duniani ni hilo hilo la kunyimwa ubinadamu.

Kiswahili kisingalihitaji wakili. Mwanasesere twampa viambishi vya mtu: amelala, ameanguka, mpe nguo zake. Mtoto ajifunzaye kusema huipokea hukumu hii kabla ya kujua kwamba ni hukumu. Chenye sura ya mtu kimekwisha kuitwa mwana, nacho huingia mara moja katika ngeli ya watu. Najua atatokea wa kunikumbusha kwamba hata mdudu yumo katika ngeli hiyo. Ni kweli, lakini mdudu ana uhai, na mwanasesere hana ila ule tumpao. Pengine hapa pana hekima, pengine ni mazoea tu. Mimi huelekea kwenye hekima. Lakini walimu wa sarufi ni watu wapendao kuona hekima hata palipo na bahati.

Sasa tumrudie ninja. Huko Japani waliitwa shinobi, na habari zao hutajwa hasa pamoja na sehemu za Iga na Koga. Vita vilipokwisha, na ufundi wao ulipoanza kuwa kumbukumbu, ndipo ulipoandikwa: Bansenshukai mwaka 1676, na Shoninki mwaka 1681. Mwenye kukiendea hiki cha pili akitafuta nguo nyeusi na kitambaa cha uso atakuta jambo jingine. Atakuta mavazi saba ya kujigeuza: mtawa apigaye filimbi, kasisi wa Kibudha, mcha Mungu wa milimani, mchuuzi, mfanya mazingaombwe wa njiani, mchezaji wa maigizo, na mwisho mtu wa kawaida kama wewe na mimi. Katika mafundisho haya uso haufunikwi. Uso waonyeshwa, ila ni uso wa mtu mwingine.

Vazi jeusi, basi, latoka wapi? Maelezo yanipendezayo zaidi ni yale yalipelekayo kwenye jukwaa la kabuki. Humo wamo wasaidizi waitwao kuroko, wavaao nyeusi mwili mzima, ambao huleta na kuondoa vitu mbele ya macho ya watazamaji huku mchezo ukiendelea. Watazamaji wamekubaliana kutowaona. Fikiri, basi, siku ambayo mmoja wa hao wasioonekana anachomoa kisu.

Mimi nimezaliwa pwani, katika mtaa ambao wanawake wazima walivaa buibui, na baadhi yao wakafunika uso. Sikupata kudhani kwamba kuna aliyefichika. Mama tulimjua kwa mwendo, shangazi kwa kikohozi, na jirani yetu kwa namna alivyoukusanya upindo wa nguo yake kabla ya kuvuka kizingiti. Kwa sababu hiyo siikubali kwa wepesi kanuni ya wachoraji na watengeneza vichezeo kwamba uso uliofunikwa wamtosha mtu kuwa mwovu. Wala wao wenyewe hawakuishika daima. G.I. Joe walipotengenezwa upya mwaka 1982, kwa kimo cha inchi 3 na robo tatu, mmoja wao, Snake Eyes, alimwagwa katika plastiki nyeusi tupu pasipo tone la rangi, ili kupunguza gharama. Alikuwa upande wa wema, hana uso wala sauti, na watoto wakampenda mno. Ubahili ndio uliompa siri.

Aliyeiona thamani ya siri hiyo ni Larry Hama, Mmarekani wa asili ya Kijapani ambaye alipata kuwa askari. Yeye ndiye aliyeandika hadithi za picha za G.I. Joe zilizotolewa na Marvel tangu 1982 hata 1994, na ndiye aliyeandika nyingi miongoni mwa kadi zilizochapwa nyuma ya pakiti, ambazo watoto walizikata kwa mkasi na kuzihifadhi. Kadi ilikuwa na jina, mahali pa kuzaliwa, kazi, na maneno machache ya tabia. Nimewahi kusoma riwaya ndefu ambazo wahusika wake hawakupewa hata hayo.

Mwaka 1984 akaja Storm Shadow, ninja wa Cobra, mweupe toka kichwani hata miguuni. Alitokea katika toleo la 21 la hadithi hizo, na toleo hilo halina neno hata moja la mazungumzo wala la masimulizi. Mimi ambaye riziki yangu ni maneno nililifungua kwa shaka. Ninja mweupe ana alama iliyochanjwa mkononi. Snake Eyes anapigana naye, kisha, katika picha ya mwisho, mkono wa Snake Eyes umefunuliwa, na alama ile ile imo katika ngozi yake. Basi. Hakuna aelezaye.

Maelezo yalikuja polepole katika matoleo ya baadaye. Storm Shadow hakuingia Cobra kwa kuipenda. Aliingia kumtafuta mtu aliyemwua Hard Master, mzee wa ukoo wake na mwalimu wao wote wawili. Wenziwe walimdhania kuwa mwuaji, naye akauchukua uovu huo kama mtu achukuavyo tenga la mchuuzi begani. Shoninki ilihesabu mavazi saba. Hama akaongeza la nane, nalo ni uovu wenyewe. Ndiyo maana weupe ule wa mavazi haukumdhuru. Macho ya watu yalishughulika na nguo, na kilichofichwa hakikuwa ndani ya nguo.

Siri ikafichuka, na kufika 1988 Hasbro walikuwa wakimwuza Storm Shadow katika kundi la wema. Nafasi ya ninja mwovu mwenye jina ikawa wazi. Slice na Dice waliletwa kuijaza, katika kundi lililoitwa Ninja Force, na kila mmoja alitiwa kifaa ndani ya mwili cha kumfanya apige pigo lake. Madukani siku hizo palikuwa na kelele nyingi za rangi, na kasa wa Playmates walikuwa sokoni tangu 1988. Sanamu isiyoonekana toka mbali hainunuliwi. Kwa hiyo walimtia rangi ya moto mtu ambaye ufundi wake wote ni giza. Simlaumu mfanya biashara kwa kutaka kuuza. Lakini hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Wanafunzi wangu hufanya haraka kumwita mhusika wa namna hii bapa, wakidhani ubapa watokana na uovu wake. Uovu hauna kosa hapa. Storm Shadow naye tulimpokea akiwa mwovu. Slice hakuachiwa kitu cha kuficha. Rangi yake imesema yote kabla hajatoka katika pakiti.

Slice mmoja yuko nyumbani kwangu. Alinunuliwa katika soko la Karume, Dar es Salaam, ndani ya mfuko wa vichezeo vya mtumba, hana upanga, hana kadi, na rangi imemtoka kidogo begani. Binti yangu, mwenye miaka sita, aliniuliza, "Baba, huyu ni mtu mbaya?" Nikamjibu kwamba waliomtengeneza walisema hivyo. Akamgeuza huku na huku, kisha akaenda naye.

Siku hizi Slice huuza machungwa, kwa sababu ya rangi yake. Hukaa kando ya mguu wa meza yangu, mbele ya vifuniko vya chupa vilivyopangwa mafungu matatu matatu, na mimi siwezi kuyafikia makabati ya vitabu pasipo kununua fungu. Jana niliinama kumwuliza bei, na binti akaniziba mdomo kwa kiganja. Nisiseme kwa nguvu, alininong'oneza. Muuzaji yuko kazini, anawasikiliza watu wa ile nyumba ya pili.