Katika Nchi ya Moto na Barafu

Mtu asafiriye peke yake huona nchi kwa macho mawili tu. Asafiriye na marafiki huiona kwa macho mengi, na mara nyingine jicho la mwenziwe humwonyesha jambo ambalo lake limekwisha kulipita. Nilijifunza haya katika Aisilandi, kisiwa kilicho mbali sana kaskazini katika Bahari ya Atlantiki. Nilikwenda huko na rafiki zangu wawili, mmoja mzaliwa wa Lamu na wa pili mzaliwa wa Meru.

Tulikodi gari, tukaifuata barabara kuu iizungukayo nchi hiyo, ambayo urefu wake wapita kilomita 1,300. Ulikuwa mwezi wa Juni, ambapo jua huzama usiku wa manane na kuchomoza baada ya saa chache, hata giza lisipate nafasi ya kuingia. Tuliona maporomoko ya Skógafoss yakianguka kutoka kimo cha mita 60. Tuliona chemchemi iitwayo Strokkur ikirusha maji ya moto juu kila baada ya dakika chache. Tulikanyaga pwani yenye mchanga mweusi kama makaa. Kila tulipofika tulisema kwamba hapana mahali pazuri zaidi, na kila tulipoondoka tulipata pengine pa kutukanusha.

Kisha tulifika Jökulsárlón. Hapo zamani palifunikwa na mto wa barafu, yaani barafu iliyolundikana kwa karne nyingi ikawa inashuka polepole kuelekea pwani. Barafu hiyo iliporudi nyuma, ziwa lilianza kutokea katika miaka ya 1930, na leo kina chake chapita mita 200. Mapande makubwa kama nyumba humeguka, yakaelea, kisha yakachukuliwa na mto mfupi mpaka baharini.

“Wallahi,” alisema rafiki yetu wa Lamu, “wavuvi wa kwetu wangaliipata hii, wasingalinunua tena barafu ya kutilia samaki!”

Nilicheka, lakini mwenzetu wa Meru hakucheka. “Ndugu zangu,” alisema, “nilipokuwa mtoto, kila asubuhi isiyo na mawingu niliona weupe juu ya Mlima Kenya. Babu yangu aliniambia kwamba zamani ulikuwa mwingi zaidi. Siku hizi mwanangu huniuliza uko wapi, nami hupata taabu kumwonyesha kwa kidole.”

“Pole, ndugu yangu,” alijibu wa Lamu. “Huo ni msiba wenu watu wa mlimani. Kisiwani kwetu hatuna barafu ya kuyeyuka.”

“Na maji haya yaenda wapi?”

“Baharini.”

“Je, bahari ya Lamu ni nyingine?”

Mcheshi wetu alinyamaza. Baada ya kitambo alitusimulia habari za nyumba ya shangazi yake iliyo karibu na ufuko, na jinsi maji ya bamvua yanavyozidi kuukaribia ukuta wake.

Watu wa Aisilandi wenyewe wameuona msiba huu. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza kwamba barafu ya mlima uitwao Ok imepungua hata haistahili tena kuitwa mto wa barafu. Mwaka 2019 kibao cha kumbukumbu kiliwekwa pale, kikiwa na maneno kwa watu wa siku zijazo. Sababu kubwa ya kuyeyuka huko ni joto la dunia, liongezwalo na gesi za makaa ya mawe na mafuta yachomwayo na wanadamu.

Lakini nchi hiyohiyo yatoa funzo la pili. Nyumba zake nyingi hupashwa moto kwa maji yatokayo chini ya ardhi. Kenya nayo ina joto la namna hiyo katika Bonde la Ufa, na tangu mwaka 1981 hulitumia kule Olkaria kufanya umeme. Kwa hiyo dawa haiko mbali nasi, wala si ya wageni peke yao.

Ninyi vijana mtakaosafiri kesho, chagueni wenzi watakaowauliza maswali. Uzuri wa nchi si pambo la kumfurahisha apitaye tu. Ni amana tuliyopokea kwa waliotutangulia, na wajao nyuma yetu wanatudai.