Nirudi Kwetu au Nibaki Adumi?

Ndugu msomaji, wewe uliyepata kupokea barua ya uhamisho, hasa ukiwa askari au mke wa askari, huhitaji kuelezwa jinsi karatasi moja iwezavyo kuinyima usingizi nyumba nzima. Yangu ilifika mwezi wa pili. Mtumishi mwenzangu aliyeko Busia, mzaliwa wa Arua, aliomba tubadilishane nafasi: yeye arejee kwao, nami nirejee kwetu. Ilisalia sahihi yangu tu.

Nilifika Adumi miaka tisa iliyopita nikiwa na cheti cha ualimu, mke, mtoto mchanga na godoro moja. Nilikuwa nimeacha chaki na kuajiriwa ukarani katika ofisi ya gombolola. Kutoka Busia hadi huku unapita Kampala, unapita Karuma, na ukishavuka daraja la Pakwach, Mto Nile ukibaki nyuma yako, ndipo unapotambua kwamba umekwenda mbali. Mimi ni Msamia. Katika Kilugbara sikupata hata neno moja la kushikia. Chakula hakikunishinda, maana enyasa yao ya muhogo na mtama haipishani sana na ugali wa mama yangu. Kilichonifaa zaidi ni Kiswahili. Nile Magharibi ilitoa askari wengi tangu enzi za Mwingereza, na wazee waliopata kuvaa sare hawajaisahau lugha hiyo.

Hata hivyo, mwaka wa kwanza niliishi kama abiria kituoni. Bati lilivuja, sikuliziba. Nilisema tunaondoka karibuni. Jirani wa ng'ambo ya barabara alipofiwa, vijana walipita nyumba kwa nyumba kukusanya mchango, wakatuvuka. Mke wangu aliumia sana. "Hata msiba hawatuhesabu," alisema. Mwaka uliofuata ulitokea msiba mwingine, na kijana mwenye daftari akasimama mlangoni petu akitaka unga na shilingi 2,000. Mke wangu alitoa maradufu, na jioni nzima akawa anacheka peke yake. Sijapata kuona mtu akifurahia kudaiwa namna ile. Juma lile lile niliziba bati.

Sisemi kwamba Adumi ni pepo. Upepo wa Januari hujaza vumbi hata ndani ya sufuria, na nauli ya kwenda kwetu hula sehemu kubwa ya mshahara. Mwaka 2022 mama yangu, ambaye ni mjane, aliugua. Nilipofika alikwisha kurudishwa nyumbani kutoka hospitali. Mdogo wangu hakunilaumu. Alinionyesha tu kitanda alichokuwa akilalia kando ya mama, na mpaka leo nakiona kitanda kile. Tena wanangu wakizungumza na bibi yao kwa simu huanza na "Mi ngoni?" ya Kilugbara, naye hujibu "Mulembe", kisha pande zote mbili hunyamaza zikinisubiri nitafsiri.

Basi, ile karatasi ikiwa bado mfukoni, nilikwenda kwa mzee jirani yangu, askari mstaafu. Yeye alikimbilia Zaire mwaka 1980, vita vilipowahamisha watu wa mkoa huu kwa maelfu kwenda huko na Sudan. Waliompokea walikuwa Walugbara wenzake, kwani mpaka uliwapitia katikati. Alipewa shamba, akaishi vema. Akarudi mwaka 1987. Wenzake wengine walibaki, na hadi leo hukutana nao katika soko la Ariwara.

"Kwa nini ulirudi, mzee?"

Alifikiri kitambo. "Miaka saba, mwalimu, na sikupanda mwembe hata mmoja. Kila msimu nilipanda karanga tu." Kisha akanikumbusha habari za Jaki na Dribidu, mababu wa Walugbara, ambao masimulizi yasema walikuja wakitangatanga kutoka kaskazini, wakaoa wanawake wa huku, wakafia huku, mmoja katika mlima Liru upande wa Koboko na mwingine katika mlima Wati. "Nao walikuwa wageni," akasema. "Wewe umepanda nini?"

Nilikuwa na miembe mitatu, na mmoja umekwisha kuzaa.

Nyumbani nilimwuliza mke wangu. Naye ana mama yake huko Busia, tena hapa ni mweka hazina wa chama chao cha akiba. Akanijibu, "Ukitia sahihi nitakufuata. Lakini usiwaambie watoto kwamba tunakwenda nyumbani."

Asubuhi niliirudisha karatasi bila sahihi. Mwenzangu wa Busia nilimpigia mwenyewe, na haikuwa kazi nyepesi, maana naye ana mama. Na mdogo wangu tumekubaliana: kila mwisho wa mwezi nitume fedha kwa simu, na kila Desemba likizo yangu yote niikamilishe kwa mama, ili naye apate kulala kitandani mwake.

Mama nilimpigia mwisho. Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani simu imekatika.

"Basi ukija uniletee simsim," akasema. "Ile ya safari iliyopita ilikuwa na mchanga."